Kwetu Mwapita Mmelala

Swali lenyewe huulizwa kwa tabasamu, ndiyo maana huwezi kukasirika. "Kwani wewe hujawahi kufika Zanzibar?" Na anayekuuliza, mwaka juzi hata yeye hakuwa amefika.

Ilikuwa Januari, sebuleni kwa rafiki wa rafiki, Kilimani, Nairobi. Kila mtu alikuwa amerudi kutoka mahali. Sijui kwenu kukoje, ila Januari ya Nairobi ni kama siku ya matokeo, watu wanaonyeshana vyeti. Mmoja kaunguzwa na jua la Watamu na amevaa blauzi ya kuonyesha palipoungua. Mwingine alikuwa Diani lakini aliitaja kama anayeomba radhi: Diani siku hizi imejaa, alisema, ni ya watu wa ofisi wenye ofa za siku tatu. Wa tatu alinyamaza mpaka wote wakamaliza, kisha akasema Zanzibar. Tena si Nungwi, Nungwi wanaenda wote. Alitaja kijiji kingine, polepole, kama mtu asiyetaka kuambiwa arudie. Halafu wakanigeukia mimi.

Nikasema nilikuwa Taru.

"Taru ni wapi?"

Nataka uelewe jambo moja kabla hatujaendelea: wote waliokuwa pale walikuwa wamepita Taru. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu, unapita Voi, unapita Maungu, unapita Mackinnon Road, na kabla ya Samburu (hii yetu ya Kwale, si ile ya kaskazini) unapita mlangoni kwetu. Wengine wao wameshapita mara kumi. Basi linavuma, taa zimezimwa, mtu kajifunika leso, mdomo wazi. Akiamka yuko Mariakani ananusa joto, anajiambia, naam, tumefika Pwani. Kumbe alikuwa Pwani zamani, alikuwa ndani ya kaunti ile ile yenye Diani anayoililia, ila hakuna aliyemwamsha.

Nikawaeleza kwamba Taru iko Kwale. Hapo nyuso zikang'aa. "Ah, Kwale! Si ungesema tu Diani!"

Na ukweli ni kwamba kwa miaka miwili, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Acha nikiri yote kwa pamoja ili mtu asije akanichimba baadaye. Mimi ni mwandishi wa kuokoteza. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilinishinda na mimi nikamshinda mhadhiri mmoja kwa kutohudhuria, tusigombane juu ya kipi kilitangulia. Tangu hapo nakula kwa kuandika chochote kinacholipwa, na kinacholipwa zaidi ni kapsheni za kampuni za utalii. Zile sentensi tamu chini ya picha ya bwawa la kuogelea, mimi ndiye huziandika. "Siri ambayo Pwani haikutaka uijue." "Kuna watu na kuna waliofika." Hiyo ya pili ni yangu kabisa, niliiandika nikiwa kwenye matatu ya Likoni, kuku wa mtu akiwa miguuni pangu. Ililipa vizuri. Nilipoisoma tena wiki iliyofuata nikajiuliza, sasa wale wengine, wasiofika, ni nini? Si watu? Mama yangu ana miaka hamsini na sita, amezaliwa na kuolewa kaunti yenye fukwe ambazo dunia nzima inazisifu, na bahari ameiona mara mbili. Mara zote mbili alikuwa kwenye feri akienda kumwona mgonjwa.

Kwa hivyo ninaposema biashara hii ni ya dharau, si kwamba nimeiona kwa dirisha. Najua inavyopikwa. Mteja hakuulizi, "Ufukwe huu uko vipi?" Mchanga ni mchanga. Anakwambia, "Fanya mtu ajione amebaki nyuma." Hayo ndiyo maagizo, sijaongeza chumvi. Kinachouzwa ni macho ya yule ambaye hakwenda. Bila mtu wa kubaki nyumbani akitazama picha, ile juisi ya nazi ni juisi tu, tena ya bei ya kukutoa machozi.

Ndiyo maana ngazi haina mwisho. Treni ya Madaraka ilipoanza katikati ya 2017, tikiti ya daraja la chini kutoka Nairobi hadi Mombasa ilikuwa shilingi 700. Mia saba! Karani, mwalimu wa shule ya msingi, muuza mitumba wa Gikomba, wote wakaweza kuwapeleka watoto wakaone bahari. Mimi nilikuwa bado shuleni lakini nakumbuka picha: familia nzima, suti za kuogelea za kuazima, baba kasimama kwenye maji na suruali imekunjwa mpaka magotini, anacheka kama mtoto. Hiyo kwangu ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona za utalii wa nchi hii. Na hapo ndipo nilipoanza kusikia kwamba Pwani "imeharibika." Hakuna ufukwe ulioharibika. Aliyekuwa juu aliona wa chini kapanda kidato kimoja, naye akahama kwenda kidato kingine: Watamu, halafu Lamu, halafu Zanzibar, halafu Maldives, na sasa nasikia hata Dubai ni ya washamba, watu wanaenda Georgia, si ile ya Marekani. Sawa, nendeni. Lakini msituambie mnafuata utulivu. Mnatukimbia.

Nimelitaja neno washamba makusudi. Sisi wa Taru tuna uzoefu nalo, ingawa letu lilikuwa jingine: nyika. Wamijikenda kabla ya kujulikana kwa jina hilo, jina lililoshika miaka ya 1940, tuliitwa Wanyika. Yaani watu wa porini. Wa miji ya pwani alituita hivyo, mmishonari akaja akaandika hivyo kwenye daftari lake, na ramani za Waingereza zikaifanya Taru kuwa jangwa. Nimezaliwa jangwani na sikuwa na habari. Nilidhani ni nyumbani tu, kuna mibuyu, kuna miiba, kuna mbuzi wa babu. Nilijua ni jangwa nilipokwenda sekondari na kusoma kitabu cha jiografia.

Na sasa tazama jinsi dunia inavyogeuka. Enzi za misafara, hakuna aliyepita Taru amelala. Kwetu kuna mawe yenye mashimo ambayo mvua ikinyesha hujaa maji, tunayaita ngurunga. Mtu akitoka Rabai kwenda Taita na Taveta na mizigo kichwani, maji ya uhakika yalikuwa hayo, na baada ya hapo ilikuwa ni kiu mpaka Maungu. Joseph Thomson, yule Mskoti ambaye swala wanabeba jina lake, alipita hapa mwaka 1883 akielekea Umasaini, na wapagazi wake waliijua Taru vizuri kwa sababu ya maji hayo. Reli ya kwanza ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nyika yetu ilikuwa mojawapo ya vipande vilivyowatesa wajenzi mapema kabisa, kwa ukosefu huo huo wa maji. Taru ilikuwa mahali ambapo lazima usimame, uombe, ushukuru. Hakuna aliyerudi kwao akasema, "Taru ni wapi?"

Leo reli mpya inapita kwetu kwa kishindo. Haisimami. Abiria wakishapita Miasenyi, upande wa Taita Taveta, kituo kinachofuata ni Mariakani, na Mariakani ni Kilifi. Kwale yote tunapungiwa mkono tu. Na hata mkono hatupungiwi, vioo vile havifunguki.

Lipo na bomba. Nisipolisema hili nitapasuka. Miaka ya 1950 lilitandazwa bomba kubwa la kuchukua maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kuyapeleka mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Linapita nchi yetu kavu kandokando ya njia, kama treni, kama mabasi. Ukame wa 2021 na 2022 Kinango ng'ombe walikufa mpaka watu wakachoka kuhesabu, na mama yangu alikuwa akinunua maji ya boda boda, mtungi mmoja mmoja, huku yakinguruma mengine kwenye chuma njiani kuelekea mjini. Sisemi mgeni wa hoteli ndiye aliyekunywa maji ya mama. Sina ushahidi huo, na wa Diani wana visima vyao. Nasema hivi: mahali pakishapewa jina la mahali pa kupita, kila kitu hupita. Barabara, reli, maji, hata pesa. Hadhi ya mahali si maneno ya sebuleni Kilimani peke yake. Inafika mpaka kwenye bajeti.

Haya, rudi kwenye hesabu yenyewe. "Umefika nchi ngapi?" Ukiwauliza vijana wa mjini leo hili ndilo swali la kutambuana, kama zamani mtu alivyoulizwa ukoo. Mimi ningependa siku moja ulizwe pale Taru, kwenye vibanda vya chai ambapo matrela hulala. Kuna mzee mmoja dereva, tunamwita Ami, huegesha hapo kila safari akitoka bandarini. Kampala anaijua uchochoro kwa uchochoro. Kigali, Bujumbura, Goma, Juba. Anajua mpaka upi una askari wa kusumbua na chapati ya wapi haitakuumiza tumbo. Anaongea Kiganda cha kutosha kugombana na Kilingala cha kutosha kupatana. Huyo hakuna hata siku moja mtu amemwita msafiri. Ni dereva.

Kuna jirani yetu, binti wa rika langu, aliyekaa Riyadh miaka mitatu akifanya kazi ya nyumbani. Amepanda ndege mbili. Anajua Kiarabu kuliko ustadhi wetu, simchokozi ustadhi ila ndiyo hali. Aliporudi hakuulizwa na mtu yeyote, "Saudia kukoje? Watu wake wakoje? Chakula?" Aliulizwa kama alipigwa, halafu akaulizwa alirudi na kiasi gani. Sasa mpeleke Riyadh huyo dada wa Kilimani kwa siku nne, mumpe ngamia wa kupiga naye picha, uone tutakavyokoma. Atarudi na "mafunzo matano niliyojifunza jangwani." Maskini mimi, nitakuwa ndiye niliyemwandikia.

Na matanga je? Wakenya wanasafiri kwa ajili ya misiba kuliko watu wote ninaowajua. Mtu anatoka Mombasa usiku anafika Busia asubuhi, anazika, anarudi, kavuka nchi nzima mara mbili ndani ya siku tatu, na ukimuuliza likizo alikwenda wapi anajibu, "Sikuenda popote, nilikuwa na matanga." Sikuenda popote! Kilomita zaidi ya mia tisa kwenda tu.

Kiswahili chenyewe kingetuponya kama tungekisikiliza. Kwetu mtu anapokwambia "nakuja kutembea kwenu," hajasema anakuja kupiga miguu. Anasema atakuja kukuona. Kutembea kwa maana hiyo kulihitaji mwenyeji. Huwezi kutembea kwa mtu ambaye hayupo. Unafika, unabisha hodi, unapewa maji, unaulizwa habari za huko utokako, na wewe siku nyingine unamngoja aje kwako. Hata kutalii, kwa asili yake, ni kuchunguza, ni ndugu wa neno mutalaa; ni kazi ya mtu anayesoma. Sisi tumeyachukua maneno haya tukamwondoa mwenyeji, tukaondoa na kusoma. Umekwenda Wasini, umemjua nani? Umekula kaa, umerudi. Umekwenda Kaya Kinondo, wazee wakakwambia usipige picha sehemu fulani, ukanuna kwa sababu safari bila picha ni kama hukuja.

Najua mtakachosema. Utalii ni ugali wa watu. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kuinua mkono. Dada yangu anasafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani, na mshahara huo ndio uliolipa mwaka wangu wa kwanza wa chuo. Ndege za kimataifa ziliposimamishwa Machi 2020 alirudishwa nyumbani na begi moja, na kwa miezi tulikula sima na mtsunga hadi mtsunga ukatuchoka sisi. Kwa hiyo siombi fukwe zife. Kwanza Diani ni pazuri. Asubuhi mapema, maji yamejitenga mpaka miambani, wavuvi wanarudi na ngalawa, hakuna kapsheni inayoweza, na mimi nimejaribu.

Lakini kumbukeni pia kilichotokea mwaka huo huo. Hoteli ambazo zamani Mkenya akipiga simu alijibiwa kwa sauti ya baridi, ghafla ziligundua Mkenya yupo. Bei za wenyeji zikashuka, matangazo yakajaa, "karibu nyumbani," "Pwani ni yako." Ikawa yetu kwa muda, wageni walipokosekana. Waliporudi, nikaona lugha niliyoagizwa kuiandika inabadilika tena, wiki kwa wiki, mpaka ile "yako" ikatoweka.

Siku moja nilikwenda kumwona dada, tukakubaliana tukutane ufukweni akitoka zamu. Ufukwe ni wa umma, nilijua hivyo, nilikuwa nimeandika hivyo kwenye kapsheni. Nilikaa kwenye mchanga mbele ya hoteli. Askari akaja, kijana kama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili cha bara nauza nini. Nikamwambia siuzi kitu. Akauliza, basi nimekuja na mgeni gani. Nikamwambia sina mgeni, nimekuja kukaa. Alinitazama kwa muda, si kwa ubaya, kama mtu aliyepewa hesabu ambayo haikufundishwa darasani. Mwafrika mwenye viatu vya vumbi, ufukweni, haogelei, hauzi, hangoji mzungu. Akasema, "Kaka, sogea kidogo pale kwenye mikoko ya boti, bosi asinione." Nikasogea. Sikumlaumu. Dada alipofika tukacheka, tukala viazi karai, na kabla ya kuondoka nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniwasha: nikajipiga picha, nikaihakikisha ile hoteli imetokea nyuma yangu, nikaiweka mtandaoni. "Diani, nafsi ilihitaji hili." Watu mia mbili na kitu wakapenda. Mmoja alikuwa mtu niliyesoma naye Taru, aliandika, "Umetuacha mbali, ndugu."

Hiyo ndiyo sumu yake. Ningemjibu nini? Kwamba nimefukuzwa hapo hapo dakika ishirini zilizopita? Nilimpa emoji ya mkono wa shukrani. Alibaki kule akiamini mimi nimefika, na mimi nikabaki huku nikimwacha aamini, na ile hoteli ikapata tangazo la bure kutoka kwa mtu iliyemsogeza.

Kwa hiyo ile Januari Kilimani niliposema Taru, sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka. Waliuliza nilifanya nini huko, nikawaambia: nilikuwa nyumbani. Nilikwenda na babu kutazama shimo la maji, ndovu walikuwa wameshapita usiku wakamaliza mahindi ya shangazi. Ndovu wale wale wa Tsavo ambao nyinyi mnalipa kuwaona kule ndani. Kwetu wanakuja bila tikiti. Nikaenda Mackinnon Road kwa boda, kwenye ule msikiti wa kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo madereva wa dini zote husimama kuomba dua ya safari njema. Nikakaa na Ami kibandani akanisimulia Goma. Yule wa Zanzibar akasema, "Wow, sounds peaceful." Kisha akamuuliza wa Watamu kuhusu hoteli.

Mwezi uliopita nilipata kazi nyingine, maandalizi ya Disemba. Kampuni ya mabasi ya watalii, Nairobi hadi Diani, wanataka maelezo ya njia nzima, "abiria ajisikie safari imeanza tangu anapopanda." Nikaandika Athi River, nikaandika Mtito Andei, nikaandika Tsavo na udongo wake mwekundu. Nikafika kwetu nikaandika sentensi nne: jina la mahali, ngurunga, misafara, na kwamba hapa chai ni nzuri, muamshe jirani yako. Sikuweka siri yoyote wala kuahidi kitu.

Jibu lilikuja usiku. "Kazi safi. Toa hiyo ya Taru. Kuna nini pale?"

Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika fupi: "Kuna watu." Hakusema kitu. Sentensi zikatolewa, pesa zikaingia baada ya siku tisa, nikamtumia mama elfu mbili kwa M-Pesa. Alinipigia kushukuru. Maji yalikuwa yamepanda bei tena, alisema, na akaniuliza nakuja lini kutembea.